Fundi wa Bunduki wa Endasak

Fundi redio akikuharibia redio, unakosa taarifa ya habari. Fundi cherehani akikuharibia suruali, unaivaa shambani. Lakini fundi wa bunduki akikuharibia bunduki, kuna mtu anazikwa, na mara nyingi anayezikwa si fundi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "peleka kwa fundi yeyote", napandwa na hasira hata kabla sijaulizwa maoni yangu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa. Juu ya mchagua fundi wa bunduki hawakusema lolote, kwa sababu wahenga walikuwa na mikuki.

Ninaitwa Tadei. Ninakaa Nangwa, upande wa tambarare, ambako ng'ombe wana nafasi ya kutembea na fisi nao wana nafasi ya kuwafuata. Boma ni langu. Baba yangu, mzee Gidarya, alihamia kwangu baada ya mama kufariki, na mke wangu Marieta, Mwiraqw wa Dongobesh, ndiye anayetuwezesha sisi wawili kula chungu kimoja bila kugombana. Bunduki yangu ni shotgun ya mtutu mmoja. Nina leseni yake, nina sanduku la chuma lenye kufuli la kuitunzia, na kazi yake ni moja tu: fisi wakisogelea zizi napiga hewani, wanakwenda kujaribu bahati yao kwa jirani.

Mwaka juzi ilianza kunidanganya. Navuta triga, inasema "ta", halafu kimya. Fisi wa kwetu si wajinga. Baada ya mara tatu walishajua ile "ta" haina mwenzake, wakabaki wamesimama pale pale wakinitazama. Nilipoteza ndama mmoja mweupe niliyempenda, nikaamua kutafuta fundi.

Nilikwenda Katesh kwa afisa wa polisi anayeshughulika na leseni za silaha. Alinitajia jina moja. "Huku karibu mwenye kibali ni Sylvester wa Endasak," alisema. "Alikuwa fundi karakana ya jeshi. Wengine utakaosikia wakisifiwa ni wachomelea magrili ya madirisha. Usije ukasema hukuambiwa."

Jina hilo nililijua. Na nilijua jambo ambalo afisa, mtu wa kutoka mbali, hakulijua: Sylvester ni Mbarbaig mwenzetu, lakini wa ukoo wa wahunzi.

Kwetu wahunzi ni watu wa pembeni. Mikuki tuliyobeba ni kazi yao, na bangili za mama zetu pia, lakini hatuoani nao wala hatuli kwao. Wazee wanasema chuma kikitoka mkononi mwa mhunzi kina joto la mkono ule, na joto hilo likiingia bomani linatafuta damu. Kwa hiyo kinapakwa siagi kwanza ili kipoe. Mimi nimebatizwa, nimesoma mpaka kidato cha nne, na mambo hayo nilikuwa nikiyasimulia kwa wageni kama mambo ya watu wengine.

Nikaifungua bunduki vipande viwili, nikaitia kwenye gunia, nikatia leseni mfukoni na kupanda pikipiki hadi Endasak.

Karakana ya Sylvester iko nyuma ya nyumba yake, kibanda cha mabati chenye meza nzito, jiliwa moja kubwa la kubania vyuma, na tupa zimepangwa ukutani kwa urefu wake. Yeye mwenyewe ni mtu wa umri wangu, mkimya, mikono mikubwa. Nilipofika sikumkabidhi bunduki mkononi. Niliiweka mezani, naye akaichukua kutoka mezani. Nilijiambia nafanya hivyo kwa usalama.

Kabla hata salamu hazijaisha, alishaiunga na kuielekeza kwenye sanduku la mchanga pale pembeni, akaifungua kuangalia kama ina risasi.

"Nilishaitoa," nikamwambia.

"Najua umesema hivyo," akajibu, akaendelea kuangalia.

Halafu akaniuliza maswali. Inakaa wapi? Unaisafisha kwa kitu gani? Nani mwingine anaishika? Nikajibu: sandukuni, kwa kitambaa, mimi tu. Aliyaandika majibu yangu kwenye daftari, jambo lililonichekesha. Akaniambia pini inayogonga risasi imechakaa, ataagiza nyingine, nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi, akaijaribu mbele yangu kwa risasi tatu, zote zikatoka. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kuliko siku niliyoinunua.

Baba alikuwa amekaa nje ya nyumba, kibuyu cha siagi mapajani. Alishasikia nimeipeleka kwa nani.

"Ni yule mtoto wa mhunzi aliyekaa chini ya mlima?"

"Ni fundi mwenye kibali, baba. Alifundishwa na jeshi miaka kumi na minane."

"Jeshi lilimfundisha," alisema baba. "Mkono halikumbadilishia. Lete hapa kwanza."

Nitasema ukweli: nilimpa kwa urahisi kabisa. Nilijiambia ni mzee, siagi haimuui mtu, ya nini kubishana. Nilimwona akianza kupaka kitako, taratibu, nikaenda kuangalia maji ya ng'ombe. Niliporudi bunduki ilikuwa inang'aa, imeegemea ukuta. Nikaipitisha kitambaa juu juu, nikaifungia sandukuni.

Ilifanya kazi miezi mitatu, kisha ile "ta" ikarudi.

Nikaenda tena Endasak, safari hii nikiwa nimekunja uso. Sylvester aliifungua, akainama juu yake muda mrefu huku amenipa mgongo. Nilisikia anasugua kitu, anafuta, anasugua tena. Alipogeuka, uso wake haukunieleza chochote.

"Nani mwingine anaishika?" aliuliza, kama mara ya kwanza.

"Mimi tu," nikasema.

Alinitazama. Akachukua kichupa kidogo cha mafuta ya bunduki, akakiweka mezani mbele yangu. "Chuma hiki kinataka mafuta haya, matone mawili. Si mengine." Nikadhani ananiuzia mafuta, nikakasirika kimoyomoyo. Na niliporudi nyumbani, baba alikuwa nje na kibuyu chake, nikampa bunduki tena.

Ikaja ile alfajiri ya mwezi wa nane, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Marieta alikuwa zizini anakamua. Mbwa wakabweka upande wa korongo. Nikatoa bunduki, nikaifungua, nikatia risasi, nikaifunga. Triga sikuigusa. Mungu wangu ni shahidi, kidole kilikuwa nje kabisa. Ilipofungika tu, ikalipuka.

Mtutu ulikuwa umeelekea chini na mbele. Mbele hakukuwa na mtu isipokuwa mke wangu.

Ng'ombe aliruka akavunja kamba. Marieta alikaa chini, mikono juu ya magoti, maziwa yakimtiririka kwenye kitenge. Ndoo iliyokuwa karibu na mguu wake ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Baba Fausta," aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "umenipiga?"

"Sijui," nikasema.

Kweli nilikuwa sijui. Zilikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu hadi kwake na nilishindwa kuzitembea. Akajipapasa mwenyewe, mguu mmoja, halafu wa pili, halafu tumbo. Akasema, "Sina kitu. Ni maziwa." Hapo nikakaa chini na mimi, nikalia mbele ya ng'ombe wangu wote, na sikuona aibu.

Baba alitoka mbio, shuka mkononi. Aliona ndoo, akamwona Marieta, akaniona mimi. "Nilikuambia," alisema. "Joto la mkono wake. Limeanza kutafuta." Akaiokota bunduki, akaingia nayo ndani kuipaka upya. Nami, msomi, nilimwacha, kwa sababu saa ile nilimwamini. Niliamini kwamba Sylvester wa Endasak nusura amuue mke wangu, kama si kwa joto la mkono basi kwa kazi mbovu, na niliapa leseni yake itafutwa na nitasimama pale pale kuangalia ikifutwa.

Siku ya tatu Marieta alinitengea chakula, akabaki amesimama.

"Hicho kitu kisirudi humu mpaka mtu mwenye akili aniambie kimepona," alisema. "Mtu mwenye akili, Baba Fausta. Sikukutaja wewe."

Shemeji yangu Vicent, kaka yake Marieta, ana duka la pembejeo Dongobesh. Nilipomsimulia kwa simu alinicheka. "Shemeji, unahangaika bure na hao watu wa huko chini. Huku tuna Wolfgang. Muulize mtu yeyote."

Basi nikapanda kwenda Dongobesh, huko Mbulu, na gunia langu, nikibadili gari njiani. Kweli, kila niliyemuuliza Dongobesh alimsifu Wolfgang. Amechomelea geti la kanisa. Amefufua mashine ya kusaga iliyokufa miaka minne. Plau, baiskeli, majiko, hata kiti cha daktari wa meno, vyote anatengeneza. Nilimkuta kwenye banda lake karibu na stendi, cheche zinaruka, wateja wamekaa kwenye magogo wakimsubiri kwa upendo. Mtu wa kupendeza, mcheshi, anakushika bega kana kwamba mlitahiriwa siku moja.

"Kazi ya nusu saa hiyo, mzee wangu," alisema kabla sijamaliza kueleza. "Nani aliishika mara ya mwisho?"

Nikamwambia. Akacheka. "Wale? Wale wanajua mikuki." Na mimi nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na kwamba kicheko kilinipa raha.

Wolfgang akatoa bunduki kwenye gunia, akaiunga, akaigeuza, akachungulia ndani ya mtutu kwa jicho moja, kutokea mbele. Huku anachungulia, kiganja chake kilikuwa kinagonga kitako, pa, pa, pa. Nyuma yangu alipita mama amebeba beseni la viazi. Wolfgang hakuwa ameniuliza kama nimetoa risasi. Alikuwa ameshaigeuza tena sasa, mtutu unatazama wateja waliokaa kwenye magogo.

"Ina risasi," nikasema.

Aliitupa mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto. Magogo yote yakabaki wazi. Alipoona nimesimama tu, akaelewa kwamba haina.

"Mbona unanitania hivyo, mzee?"

"Mbona hukuuliza?"

"Si ulisema unaleta kutengeneza? Nani analeta bunduki kwa fundi ina risasi?"

"Leseni ya ufundi wa silaha unayo?"

"Leseni ya nini?" Alianza kucheka tena, akiwatazama wateja wake wacheke naye. "Hapa wote wananijua."

Nikairudisha kwenye gunia. Vicent alikasirika sana, akasema nimemwaibisha mbele ya watu, na huenda ni kweli. Lakini njia nzima ya kushuka nilikuwa nafikiria mambo mawili yasiyokaa pamoja. Wolfgang alinipendeza, na kwa dakika moja tu angeweza kuua watu watatu. Sylvester sikumpenda, na mara mbili nilizompelekea bunduki hakuuamini mdomo wangu hata kidogo, alikwenda kujionea mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anawezaje kufanya kazi mbovu? Swali hilo lilinikera kuliko hasira yenyewe. Nilishuka Endasak badala ya kuendelea hadi nyumbani, nikaenda kwake na maneno makali yote niliyokuwa nimeyaandaa.

Niliyasema yote nikiwa mlangoni. Nilimwambia juu ya ndoo, juu ya maziwa, juu ya "umenipiga?" Sylvester alikuwa na tupa mkononi. Aliiweka mezani. Halafu akakaa, na sikuwahi kumwona amekaa.

"Mama hajaumia?" aliuliza.

"Hajaumia. Si kwa wema wako."

Akainuka, akaielekeza bunduki mchangani, akaikagua, akaifungua yote. Akatandika gazeti mezani na kupanga vipande juu yake. Pini haikutaka kutoka. Aliisukuma taratibu mpaka ikatoka, na nyuma yake likatoka tope la rangi ya njano, zito, lenye vumbi ndani yake na unywele mmoja wa ng'ombe.

"Tia kidole," alisema.

Nikatia.

"Nusa."

Sikuhitaji kuinusa mara mbili. Ilikuwa siagi ya nyumbani kwangu, ile yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Ilikuwa imejaa kila mahali ambapo mkono wa Sylvester uliingia. Baba hakuishia kwenye kitako. Alikuwa ameifungua bunduki na kupaka ndani, kwa kidole, kwa uangalifu mkubwa, mara tatu.

"Ikichanganyika na vumbi inaganda," alisema Sylvester. "Pini inabaki nje, hairudi. Ukifunga tu, imeshagonga."

Nilitafuta mahali pa kutazama. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikuwahi kudhani kwamba ningekivaa mwenyewe, tena kwa furaha.

Halafu fikra ya pili ikaja, na hasira ikarudi nayo. "Mara ya pili nilipokuja, ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa imeanza."

"Uliiona."

"Niliiona."

"Ukanyamaza! Mke wangu alikaa kwenye maziwa akiniuliza kama nimemuua, na wewe ulikuwa unajua!"

"Nilikuuliza nani mwingine anaishika," alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilikupa mafuta. Nilisema si mengine. Maneno yaliyobaki yalinishinda. Ningekuambia nini, Tadei? Kwamba nimeona mnachonipakia? Babu yangu alifua mikuki ikapakwa. Baba yangu alifua mikuki ikapakwa. Mimi nimekwenda jeshini, nina cheti, nina kibali, na nafungua bunduki ya mtu nakuta nimepakwa. Nilisafisha, nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza ndio heshima yangu inabaki." Akatazama lile tope kwenye gazeti. "Lilikuwa kosa. Fundi wa bunduki hana haki ya kuona aibu. Hilo nakubali, na mama ukimfikia mwambie nimekubali."

Sikutegemea mtu akiri namna hiyo. Mimi nilikuwa bado sijakiri kitu.

"Itengeneze," nikasema.

"Nitaitengeneza. Lakini haitoki hapa. Haiwezi kurudi kwenye nyumba inayoipaka siagi. Mlete huyo anayeipaka, nimwonyeshe mwenyewe. Kama hataki kuja, nitaikabidhi polisi na barua, nieleze sababu."

Nyumbani nilimweleza baba yote, bila kupunguza. Hakubisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunika shuka. Fisi walikuja mara mbili, tukawafukuza kwa mbwa na debe. Nilimwona baba akimtazama Marieta anapopita na ndoo mpya, akimtazama miguu. Siku ya nane, asubuhi, alinijia amevaa shuka safi, fimbo mkononi.

"Hiyo pikipiki inabeba wawili?"

Sylvester alitusubiri nje ya karakana. Alikuwa ametoa meza juani, vipande vyote viko juu ya kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikawia. "Marahaba," akasema.

Sylvester alimwonyesha pini, akamwonyesha njia yake, akaisukuma mbele na nyuma. Kisha akafungua gazeti alilokuwa amelitunza, lile tope bado limo. Baba aliinama juu yake kwa muda mrefu.

"Nilipaka ndani kwa sababu mkono wako uliingia ndani," alisema baba. Aliyasema wazi hivyo, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Najua, mzee."

"Nilitaka isiwaue watoto wangu."

"Hilo nalo najua."

"Mara zile mbili ulizoikuta siagi yangu. Uliifanya nini?"

"Ukiacha hii niliyokutunzia uione, niliifuta na kitambaa nikakichoma. Halafu nikanawa mikono."

"Ulinawa?"

"Kwa sabuni, mzee. Mara mbili."

Baba aligeuza kiganja chake akakitazama. Ana miaka themanini na kitu, na nadhani haikuwahi kumjia kwamba kuna mtu duniani anayenawa kwa sababu yake. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa jambo kuhusu nyumba yake ambalo majirani wote walikuwa wanalijua.

"Mimi siwezi kukuapia kwamba sitapaka tena," alisema mwishoni. "Nisikudanganye. Nikiogopa, mkono unakwenda wenyewe. Na mimi ninaogopa sana siku hizi." Akagonga fimbo chini. "Basi uje wewe. Kila mwezi uje bomani uifungue mbele yangu. Nikuone unavyofanya. Kama nimepaka, uniambie machoni."

Sylvester alifikiri. Aliponyanyua kichwa, swali lake halikuwa juu ya bunduki.

"Nikija, nitapita wapi?"

Watu wa nje hawawezi kujua uzito wa swali hilo. Boma la kwetu lina lango la ng'ombe, na kwa lugha yetu neno la lango lile ndilo neno la ukoo. Wageni hupita hapo, bibi harusi hupita hapo. Mhunzi hapiti. Kama ana shida anaita kutoka nje, au anazunguka nyuma kwenye uwazi wa mbuzi.

Nilimtazama baba nikijua atakwama hapo. Nilikuwa tayari kumkemea. Njia nzima kutoka Nangwa, yeye akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, nilikuwa nimejipangia hotuba juu ya dunia ya leo.

"Boma si langu," alisema baba. "Muulize mwenye boma."

Wote wawili wakanigeukia.

Niliwaza majirani wakimwona. Niliwaza mwanangu Fausta na watakaokuja kumposa. Niliwaza ng'ombe, ndiyo, mimi mwenye kidato cha nne niliwaza kama ng'ombe watapata dhara. Barabarani ilipita pikipiki, nikaisikia ikija, ikipita, ikienda mpaka ikaisha. Sylvester alisimama akisubiri, mikono yake mikubwa ikining'inia.

"Utapita lango la ng'ombe," nikasema.

Alikuwa ameshainama, anaokota vipande vya bunduki kimoja kimoja na kuvipanga ndani ya kitambaa.

"Nimesikia," alisema. "Nimesikia na ulivyokaa kimya." Akafunga fundo, akalikaza. "Nitakuja Jumamosi."